Chachu Isiyoshiba: Usingizi wa Alby

Kipande cha kioo kilikuwa kimejichomeka kwenye fremu ya mlango, usawa wa jicho la Nola kabisa, na kilikuwa bado kinatetemeka.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumamosi iliyopita, msomaji wangu: amebana mgongo ukutani katika chumba cha kufulia cha jirani yake Zorka, sufuria aliyokuja kuirudisha bado ameikumbatia, na kitu cha majimaji kinamchuruzika shavuni.

Akajifuta. Akanusa vidole. Haikuwa damu.

"Zorka! Nani katupiga risasi?"

"Hakuna risasi." Sauti ilitoka nyuma ya mashine ya kufulia. "Ni bia."

"Bia gani?"

"Bia yangu! Hiyo hapo kwenye rafu. Sijaigusa, Nola, naapa kwa Mama Maria. Nilikuwa nakunja taulo zangu. Nikasikia tsss, kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu..."

Hakumaliza. Chupa ya pili ilipasuka.

Safari hii Nola aliiona kwa macho yake. Ilikuwa chupa ya zamani, nene, ya kahawia, zile za shingo ndefu ambazo ukizidondosha kwenye saruji zinadunda kwanza. Ilikuwepo, mara haipo. Mahali pake palibaki kitako tu, na ukungu mweupe wa povu ukipanda darini.

"Lala chini!"

Wanawake wawili watu wazima, mmoja ana mjukuu, mwingine mjane mwenye goti bovu, walitoka chumba kile kwa magoti na viganja, Nola na sufuria yake kwapani, wakaupiga teke mlango wa bati ukajifunga. Nyuma ya bati ikalia nyingine. Kisha mbili kwa pamoja.

Nje, jua la Januari lilikuwa limeushika mji wa Broken Hill, huko Australia, kooni. Hata nzi walikuwa wamejificha chini ya baraza. Kule mwisho wa mtaa, kilima cheusi cha taka za mgodi kilionekana kama kinachemka.

Zorka alikuwa anavuja damu mkononi. Nola akamfunga kwa aproni yake.

"Pole, shoga. Kimeingia ndani?"

"Kimepita tu. Lakini mimi sitaki pole yako, Nola. Nataka uniambie ulinipa nini."

"Nimekupa nini mimi?"

"Chachu! Bi Mkubwa alitoka kwako."

Na ilikuwa kweli.

Bi Mkubwa alikuwa mtungi wa kioo. Katika mtaa ule, tangu mgodi uanze kupunguza watu na bei ya bia kilabuni ianze kupanda, hakuna nyumba iliyonunua chachu. Kwa nini ununue? Ukimaliza kupika bia yako, chini kabisa ya pipa kunabaki tope zito la rangi ya maziwa yaliyoganda. Hilo tope ndilo chachu yenyewe, hai, ina njaa. Unalichota, unalitia mtungini, unampitishia jirani juu ya uzio. Naye akipika, anachota, anampa mwingine. Mtungi ulikuwa umefumiwa hata sweta la sufu, la kijani, lenye vifungo viwili, ili usishtuke na baridi ya Julai. Wanaume wakikutana njiani walisalimiana kwa kuuliza, "Bi Mkubwa yuko kwa nani wiki hii?"

Kabla ya kufika kwa Zorka, Bi Mkubwa alilala jikoni kwa Nola.

"Ameingiwa na kitu," Zorka alisema polepole. Baba yake alikuwa mkamua zabibu huko Dalmatia alikozaliwa, na mambo ya mapipa aliyajua tangu hajaota meno ya mbele. "Chachu ya kawaida inakula sukari, inashiba, inalala. Hapo ndipo tunafunga chupa. Lakini kuna nyingine, ya porini, inakaa kwenye maganda ya matunda. Hiyo haishibi, Nola. Inakula na makombo ambayo mwenzake ameyaacha. Inakula gizani, ndani ya chupa iliyofungwa kizibo, inajaza gesi, inajaza, inajaza..."

"Basi ni zabibu zako! Zinaning'inia uzioni kwangu zinadondokea kila mahali!"

"Zabibu zangu? Na wewe mtungi uliuchemsha?"

Nola akaangalia vidole vyake vya miguu. Hakuuchemsha. Gesi ya jiko ilikuwa inakaribia kuisha, na mumewe Alby alisema maji ya moto ya bomba yanatosha.

Na dalili zilikuwepo! Sasa ndiyo alizikumbuka. Bia ya mwezi ule ilikuwa kavu, haina utamu hata chembe, na ukiifungua povu linaruka mpaka kwenye mikono ya shati. Wanaume walimpigia Alby makofi. "Mzee, povu hilo umelitoa wapi?" Alby akavimba kichwa wiki nzima.

"Sikiliza," Zorka alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imepoa, jambo ambalo lilimtisha Nola zaidi ya kelele. "Wewe na mimi tulipishana wiki moja tu kufunga chupa. Zangu ni nene. Zako ulitia kwenye chupa gani?"

Nola akageuka kuitazama nyumba yake ng'ambo ya uzio.

Chupa nene Alby alikuwa ameziuza kitambo. Hizi alizotumia alizikusanya kwa toroli nyuma ya kilabu cha mpira, alfajiri, kabla ya gari la taka. Zilikuwa nyepesi kama maganda ya yai, chupa za kunywea mara moja na kutupa. Zilikuwa na maandishi yanayokataza kuzijaza tena. Alby alisema maandishi yale yamewekwa na wauza chupa kwa faida yao.

"Lakini ziko chumba cha chini," Nola alijitetea. "Kule ni baridi. Hapa kwako ni tanuri. Zitangoja."

"Zitangoja kidogo. Na Alby yuko wapi?"

"Amelala."

"Amelala wapi, Nola?"

Sufuria ilimponyoka, ikalia kwenye saruji, na kabla haijatulia Nola alikuwa ameshalifikia geti.

* * *

Alby Trembath alikuwa mpasua miamba kwa baruti mgodini maisha yake yote ya kazi, na masikio yake yalistaafu mapema kuliko yeye. Bila zile mashine ndogo za masikioni, hasikii radi. Na kila siku ya joto kama hili, baada ya chakula cha mchana, nyumba ya mabati ikiwa haikaliki, hufungua mlango wa sakafuni jikoni, hushuka ngazi, hujilaza kwenye kitanda cha turubai kati ya rafu mbili za bia.

Nola aliingia jikoni akihema. Mezani kulikuwa na vyombo vya chai ya asubuhi, ile waliyokunywa na binti yao Glenys, mumewe Darryl na mtoto wao mchanga Tamsin, kabla hao watatu hawajapakia gari na kuondoka kuhamia Mildura. Mgodi ulikuwa umemwachisha Darryl kazi, wakaona heri wakavune zabibu. Kikombe cha Glenys kilikuwa bado na alama ya rangi ya mdomo.

Na katikati ya meza, ndani ya kisosi, zimepangwa vizuri kama mbegu mbili za maharage: mashine za masikio za Alby.

Nola akashika pete ya mlango wa sakafuni. Akauinua taratibu, kidole kwa kidole.

Baridi ikampiga usoni, pamoja na harufu. Si ile harufu nzuri ya kimea aliyoizoea. Hii ilikuwa kali, iliyochacha, kama tufaha lililosahauliwa mfukoni mwa koti.

Akatega sikio.

Tsss.

Kisha kutoka upande wa pili, kana kwamba inajibiwa: tsss.

"Mungu wangu."

"Yuko?" Zorka alikuwa amefika, anachechemea, uso mwekundu, na mgongoni amebeba kitu kikubwa kuliko yeye.

"Shh! Hiyo nini?"

"Mfarishi wangu wa manyoya ya bata. Mama alinipa nilipoolewa."

"Joto lote hili, Zorka?"

"Si wa kulalia, mjinga wewe! Kioo kikija, kitakula manyoya kwanza."

Walichungulia pamoja. Mwanga uliotoka jikoni ulionyesha miguu ya Alby, mikubwa, myeupe, vidole vinatazama juu. Kichwa kilikuwa kizani, shibri moja tu kutoka kwenye rafu.

"Mwamshe kwa taa," Zorka alinong'ona.

Ndiyo! Ndivyo walivyoitana nyumbani humo miaka na miaka. Swichi ya taa ya kule chini ilikuwa ukutani jikoni. Chai ikiwa tayari, Nola anawasha na kuzima mara tatu, Alby anapanda. Mgodini nako waliokufa masikio waliitana hivyo hivyo, kwa taa.

Akawasha. Akazima. Akawasha. Akazima.

Miguu haikutikisika.

Akawasha na kuiacha. Ndipo wakaona. Alby alikuwa amelala chali, mikono kifuani, na machoni amejifunika kitambaa kilicholowa maji, kwa ajili ya joto.

"Amejiziba macho! Na masikio hana! Huyu mwanamume amejifunga mwenyewe kwenye sanduku!"

"Mtupie kitu," Zorka alisema.

"Nikikosa?"

"Umewahi kumlenga mtu ukampata?"

"Siku ya harusi yangu nilirusha maua yakaingia kwenye supu."

"Basi usitupe."

"Nimmwagie maji?"

"Maji ya baridi kwenye kioo kile? Unataka mume au unataka mazishi?"

Tsss, ikasema rafu. Tone moja la povu lilitokeza chini ya kizibo, likateleza shingoni mwa chupa, likadondoka kwenye mto, kando ya sikio la Alby.

Nola akavua viatu.

"Nipe huo mfarishi."

"Nola..."

"Nipe, shoga. Nifunge vizuri. Kichwani pia."

Zorka alimfunga. Alimzungushia mfarishi mabegani, akampitishia juu ya kichwa, akambana kifuani kwa vibanio vyote vya nguo alivyokuwa navyo mfukoni. Usoni akamshikisha kifuniko cha sufuria kubwa ya kupikia paja la nguruwe la Krismasi.

"Unafanana na kondoo aliyeasi dini."

"Nikifa usimpe mtu yeyote ufundi wangu wa mkate wa zabibu kavu."

"Ukifa nitasema ulikuwa wangu."

* * *

Ngazi ile ilikuwa na kidato kimoja kinacholia, cha nne kutoka juu. Nola alikiruka. Mfarishi ulimfanya atokwe na jasho mpaka kwenye kope. Kila alipovuta pumzi, unyoya mmoja uliingia puani, na kupiga chafya ilikuwa ndiyo anasa asiyoimudu.

Chupa zilisimama safu kwa safu, kulia na kushoto, mpaka darini. Chini ya kitanda cha turubai kulikuwa na kreti nyingine zaidi. Alby alikuwa amelala juu ya bia, kati ya bia, chini ya bia.

Rafu ya chini upande wa kushoto ilikuwa na pengo. Mahali penye vumbi palionyesha alama za mraba ambapo kreti zilikuwa zimekaa. Nola aliliona pengo lile, akashukuru: zimepungua chupa za kumuua mumewe. Hakulifikiria zaidi. Laiti angelifikiria!

Akafika. Akamwekea Alby kiganja kifuani, akakandamiza pole pole.

Alby akatoa kitambaa machoni. Akatazama lile dubwana la manyoya lenye uso wa bati.

"EEEH! NI NANI WEWE?"

Watu wasiosikia hawajui sauti yao ina ukubwa gani. Ya Alby iligonga ukuta, ikarudi, na chupa zote rafuni zikaimba kwa pamoja, wimbo mwembamba wa kioo.

Nola akamziba mdomo kwa kiganja. Akashusha kile kifuniko ili amwone.

"NOLA? UMECHANGANYIKIWA, MAMA GLENYS? JOTO LIMEKUPANDA?" Maneno yalipenya kati ya vidole.

Hakuna muda wa kumsomesha maneno kwa midomo. Nola alikunja ngumi mbele ya uso wake, kisha akaifungua ghafla, vidole vyote mbali. Ndiyo ishara waliyotumia wapasua miamba kule chini ardhini tangu enzi za babu zao: utambi umewashwa.

Uso wa Alby ukabadilika.

Yule mzee mwenye usingizi aliondoka, akaja mwanamume mwingine ambaye Nola alikuwa hajamwona tangu mgodi ulipomstaafisha. Hakuuliza wapi, hakuuliza kwa nini. Aliketi bila kutikisa kitanda. Alinyoosha kidole kimoja, akagusa kizibo cha chupa iliyokuwa karibu na kichwa chake, kwa wepesi, kama mtu anayegusa jicho la mtoto aliyelala.

Kizibo kilikuwa kimevimba.

Alby akaashiria ngazi. Wewe kwanza.

Nola akatikisa kichwa. Pamoja.

Walipiga hatua ya kwanza. Walipiga ya pili. Juu, uso wa Zorka ulining'inia katika tundu la mlango kama mwezi mwekundu, mikono inawavuta kutoka mbali. Mkono wa Alby ulikuwa umeshashika ngazi. Amepona! Msomaji wangu, alikuwa amepona!

Akageuka.

Alitazama rafu zake. Kimea alichokichanganya mwenyewe, sukari aliyoinunua kwa gunia, kila chupa aliyoiosha kwa mikono ile ambayo baruti iliiachia vidole vinane. Bia ya mwaka mzima, na hajatoa senti ya kizibo kwa mwenye kilabu yeyote.

"Moja tu," alisema, na safari hii alinong'ona kweli. "Kreti moja tu, Nola. Nitaifungulia uani itoe gesi."

"Alby. Hapana."

Alisoma midomo yake vizuri kabisa. Alikuwa na miaka mingi ya kuisoma hiyo midomo ikisema hapana. Akainama, akaiinua kreti iliyo karibu, vioo vikagusana.

"Alby Trembath, weka chini hiyo!"

Akamtazama usoni. Akaona machozi. Basi akaona aibu, akaiweka chini.

Aliiweka kwa nguvu kidogo kuliko ilivyotakiwa.

Mlio wa kwanza haukuwa mkubwa. Wa pili uliukanyaga wa kwanza. Halafu hapakuwa na wa tatu wala wa nne, kulikuwa na mlio mmoja mrefu, rafu nzima ikienda kama mkufu unaokatika, na kila chupa ikimwamsha jirani yake. Taa ikazimika. Nola alimrukia mumewe, akamfunika, akausikia mfarishi ukipigwa mgongoni, pu, pu, pu, kama mtu anayekung'uta zulia.

"Pandeni! Pandeni!" Zorka alipiga yowe.

Walipanda. Sijui walipandaje. Kidato cha nne kililia na hakuna aliyekisikia. Mkono wenye aproni yenye damu ulimshika Nola begani, ukavuta, na wote watatu wakaanguka jikoni katika rundo moja. Zorka akaufunga mlango wa sakafuni kwa makalio, akaukalia.

Mlango ukaruka naye mara moja. Kisha ukatulia.

* * *

Manyoya yalikuwa yanaanguka jikoni taratibu, kama theluji ambayo mji ule haujapata kuiona. Yalitua kwenye meza, kwenye vikombe, kwenye mabega ya Alby yaliyolowa povu.

"Umeumia?" Nola alimgeuza huku na huku. "Nionyeshe. Nionyeshe, mzee."

Ncha ya sikio la kushoto ilikuwa haipo.

"Hamna neno," Alby alisema, akijigusa. "Lilikuwa halina kazi."

Zorka ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa bado amekalia mlango, anashika goti lake, mpaka akaanza kulia, na Nola akamfuata. Alby aliwatazama akatikisa kichwa, unyoya umemkaa kwenye nyusi.

"Mfarishi wa mama yangu," Zorka alisema. "Tazama! Umebaki gunia."

"Nitakushonea mwingine."

"Kwa manyoya gani? Wewe unafuga bata? Mnafuga mabomu hapa!"

Lakini Alby alikuwa ameacha kuwatazama. Alikuwa amesimama katikati ya jikoni, miguu mitupu sakafuni, macho ameyafumba, kidole kimeinuliwa. Nola aliijua ile namna ya kusimama. Mpasua miamba akishawasha tambi zake, husimama mbali na kuhesabu milio, maana baruti iliyolia haimtishi mtu. Inayotisha ni ile ambayo haijalia bado. Masikio yalipomkimbia, Alby alijifunza kuhesabu kwa nyayo.

"Hiyo... na hiyo." Akasubiri. "Zimekwisha. Hakuna kilichobaki chini."

"Una hakika?" Nola alimuuliza alipofumbua macho.

"Mimi huyu?"

Nola akavuta kiti, akaketi. Akavaa viatu. Na ndipo, katika ule utulivu, lile pengo kwenye rafu likamrudia: alama za mraba katika vumbi.

Akachukua mashine za masikio kwenye kisosi, akampa Alby. Akangoja azivae. Masikio yake yalikuwa yamejaa povu, zikapiga mluzi, Alby akazitoa tena kwa hasira.

"Alby. Nitazame." Akaongea kwa midomo mipana. "Rafu ya chini. Kreti zimekwenda wapi?"

Alby akatabasamu. Alikuwa anafurahi kwamba kuna kitu kilichookolewa.

"Nimewapa watoto. Asubuhi, ulipokuwa unamvalisha Tamsin. Nikasema kwa nini mkanunue bia Mildura wakati ipo? Darryl amezipanga nyuma ya gari, nikawasaidia kuzifunika blanke..."

Lile neno halikuisha. Tabasamu lilimwanguka kipande kwa kipande.

Zorka akasimama kutoka kwenye mlango. "Nyuma ya gari lipi?"

Gari la Darryl lilikuwa lile refu, lisilo na ukuta kati ya viti na mizigo. Nyuma kote ni vioo. Chumba cha kufulia cha Zorka kilikuwa na kivuli, na chupa nene, na bado zilipasuka. Barabara ya Mildura haina mti. Na kikapu cha kulalia cha Tamsin, Nola alikiweka mwenyewe, kwa mikono yake, akakibana vizuri kwa mito ili kisiteleze. Alikiweka kule nyuma, kando ya blanketi la kijivu, akadhani chini yake ni masanduku ya nguo.

Simu ikalia.

Nola aliifikia kabla ya mlio wa pili.

"Mama? Ni mimi!" Glenys alikuwa anapiga kelele juu ya mikwaruzo ya waya. "Tuko kituo cha mafuta, nusu ya njia. Joto! Hujapata kuona!"

"Glenys, sikiliza. Tamsin yuko wapi?"

"Eti nini?"

"Mtoto! Yuko wapi mtoto?"

"Amelala kwenye kikapu chake, maskini, madirisha yote wazi. Nawaona kutoka hapa. Mama, gari lina kitu. Kuna mlio huko nyuma, tsss, kama paka umemkanyaga mkia. Darryl anasema ni tairi."

"Glenys! Mwite Darryl! Mwambie asiguse..."

"Simu inakoroma, Mama, sikusikii. Anatafuta tairi la akiba. Liko chini ya mizigo yote, sasa anaziburuta hizo kreti za Baba ili..."

Alby hakusikia hata neno moja. Alikuwa amesimama palepale, miguu mitupu sakafuni, manyoya yanamwangukia, na macho yake yote mawili yako kwenye uso wa mkewe. Polepole, akainua ngumi yake iliyokunjwa, akaishika mbele yake hivyo hivyo, akimuuliza kama aifungue.